Tulivyomnyamazia Mwalimu Agatha

Waliomba dakika moja ya ukimya. Dakika moja! Bwana mmoja wa elimu, suti ya kijivu, kipaza sauti mkononi, alisimama mbele ya jeneza la Mwalimu Agatha pale Kalenga mwezi uliopita akatutaka tumkumbuke mama yetu kwa dakika moja, na kabla hata nusu yake haijaisha simu ya mtu ikaanza kupiga muziki wa harusi. Mwenyewe akahangaika nayo mkobani, samahani, samahani, na yule bwana akatazama saa yake akasema, "Asanteni, tukae." Kisha akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alibatizwa, alifundisha kwa muda mfupi katika shule ya kati ya wasichana, halafu "akaacha kazi kwa hiari yake ili apate nafasi ya kuhudumia familia." Sekela, niliyesoma naye darasa moja miaka ile, alikuwa ameketi nami kwenye mkeka wa akina mama. Alinifinya paja. Ana miaka themanini na kitu kama mimi, lakini vidole vyake bado vina nguvu. "Umesikia hiyo?" akaninong'oneza. "Eti hiari."

Nilisikia, wala sikusimama kusema. Msibani si pahala pa kubishana; ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilirudi Mbeya nimefura kama andazi, na mpaka leo ninapoandika sijapoa. Mwalimu Agatha hakuacha kazi kwa hiari. Alifukuzwa siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, na kosa lake lilikuwa kwamba aliwafundisha wasichana ishirini na sita wa darasa la saba kukaa kimya dakika kumi kila asubuhi na kuangalia vichwani mwao kuna nini. Hilo ndilo kosa, hakuna lingine. Na katika kufukuzwa kwake sisi wasichana tulikuwa na mkono wetu, mimi kuliko wote. Wasifu kama haujui hayo, basi nitayaandika mimi.

Nani alinizaa na kwetu kulikuwaje, hayo yana mahali pake. Hapa itoshe kwamba naitwa Zubeda, nilitoka Mbeya mjini, nilikuwa na miaka kumi na minne, Mwislamu katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Iringa, katikati ya miaka ya hamsini, na nilikuwa na hasira za karibu sana. Shule ile iliendeshwa kwa kengele. Rimu ya lori ilining'inizwa kwenye mkaratusi. Ikigongwa tunaamka, ikigongwa tunakwenda mtoni na ndoo, ikigongwa tunakunywa uji usio na sukari, ikigongwa tunaingia darasani, na hivyo hivyo mpaka taa zizimwe. Mwezi wa sita Iringa si mahali pa mchezo. Ukungu ulikaa bondeni mpaka saa tatu, maji ya ndoo yalitumwagikia shingoni njiani, na tuliingia darasani na sweta mbichi, meno yanagongana, tukaanza kuimba majina ya mito ya Uingereza. Kati ya kengele moja na nyingine hakuna mtu aliyewahi kutuuliza tunawaza nini. Nadhani haikuwapitia akilini kwamba tunawaza.

Mwalimu Agatha alikuja Januari ya mwaka ule na sanduku la mbao na sweta moja la buluu. Alikuwa binti wa Kalenga, Mkatoliki, mfupi, hajafika hata miaka ishirini na mitano, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba siku ya kwanza tulisema huyu hatamaliza wiki. Chumba cha darasa la saba kilikuwa cha mwisho, upande wa bonde. Dirisha moja kioo kilivunjika likazibwa kwa kadibodi ya kasha la chai, nayo kadibodi ilipiga tap, tap, kila upepo ulipovuma. Asubuhi ya pili aliingia akanikuta nimemkaba Sekela ukosi wa sweta kwa sababu ya ndoo. Sekela alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu kunizidi, na alikuwa anasema kwa utulivu ulioniudhi zaidi, "Niachie bwana, Zubeda, maji imemwagika yenyewe."

"Kamwene," alisalimu Mwalimu Agatha mlangoni kwa Kihehe, kama vile haoni kitu. Wahehe na Wabena darasani wakaitikia. Nikamwachia Sekela.

"Ndoo mmeshatua?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi naona bado mna mizigo kichwani. Haya, kaeni. Mikono mapajani. Fumbeni macho, tueni."

"Tutue nini, Mwalimu?" Sekela aliuliza.

"Wewe kaa tu. Sikiliza sauti ya mbali kabisa unayoweza kuisikia. Halafu ya karibu zaidi. Halafu pumzi yako. Ukiona unawaza, usijigombeze, wewe angalia tu unawaza nini. Na mlango ukifunguka, mwacheni aliyefungua. Dakika hizi ni zenu."

Tulicheka, bila shaka. Wiki ya kwanza nilichosikia ni tumbo langu na kadibodi ya dirishani. Wengine walisinzia, na Mwalimu hakumwamsha mtu. Alikaa mbele kwenye kiti chake, macho amefumba naye, na dakika kumi zikifika kwenye saa yake ya mkononi alisema "Basi," tukafungua madaftari. Siku moja Sekela alimwuliza mambo haya kayasoma chuo gani. Akasema hakuyasoma chuo. Mama yake alikuwa msuka vikapu vya majani ya milulu, na alipokuwa anaanza kitako cha kikapu hakuruhusu mtu aseme nyumbani mle, hata baba yao, kwa sababu kitako kikianzwa na mtu ambaye moyo wake uko sokoni, kikapu chote kitakaa upande. "Nami nimepewa vitako ishirini na sita," alisema. Hakurudia tena kueleza, maana hakuwa mtu wa hotuba.

Wiki ya nne au ya tano, sikumbuki, nilikuwa nimekaa hivyo nikasikia mtu ndani ya kichwa changu anamtukana Sekela. Alirudia ugomvi wa ndoo tangu mwanzo, akaongeza maneno ambayo sikuyasema siku ile na ambayo yangekuwa makali zaidi, akashinda, akaanza upya. Nikashtuka. Kama huyu anayetukana ni mimi, basi huyu anayemsikiliza ni nani? Nilifungua macho nikatazama mikono yangu. Darasa lilikuwa lile lile, madawati yale yale yenye madoa ya wino, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniambia: kwamba ndani yangu kuna nafasi, na kwamba naweza kukaa humo nikatazama. Siku mbili baadaye Sekela alinikanyaga mguu mtoni. Hasira niliiona ikija, kwa mbali, kama mgeni anayeshuka kilima cha jirani. Nikaiacha ipite. Sekela alikuwa amekwisha kuinua mikono kujikinga. "Leo hupigi?" akauliza. Nikamwambia leo sipigi. "Unaumwa?" Ndivyo tulivyoanza urafiki ambao una miaka zaidi ya sitini sasa.

Nikisimulia haya watu huniuliza kama matokeo ya mitihani yaliboreka. Swali hili hunikera kuliko yote. Mtoto amegundua kwamba ana nafsi, wewe unauliza alama! Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na wakubwa wangu wote walikuwa wa namna hiyo; jambo lisiloandikika kwenye fomu kwao halipo. Na sasa yamegeuka. Mwaka jana tuliitwa wazazi na walezi kwenye shule ya mjukuu wangu, hapa Mbeya. Wameleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye viatu vyeupe, awafundishe watoto kutulia. Kuna chumba maalumu, mikeka ya rangi, na simu inayotoa mlio wa maji yanayotiririka, katika mji huu ambao ukifungua dirisha unasikia maji yenyewe. Akasema hili ni jambo jipya kabisa katika elimu yetu. Watu wakapiga makofi. Nilinyoosha mkono nikamwuliza: akiingia mkaguzi mtoto amefumba macho, asiposimama kumsalimu, itakuwaje? Ukumbi mzima ulicheka. Walidhani bibi anatania.

Habari za kutua zilitoka nje ya shule kabla ya mwezi wa tano, na kila zilipofika zilivaa nguo za pale. Baba aliniandikia kutoka Mbeya: nimesikia huko mnafundishwa sala ya Kikristo ya kufumba macho, niambie kweli. Nikamjibu hatusali, tunatua. Akaandika tena: mnatua nini? Wakati huo huo parokiani walikuwa wameambiwa kwamba kuna msichana wa Kiislamu kutoka Mbeya anawafundisha wenzake uradi, na padri alikuja kumwonya Mwalimu Agatha kwamba anaachia kondoo wake wachezewe. Kwa hiyo Waislamu walisema ni Ukristo, Wakristo walisema ni Uislamu, na hakuna hata mmoja aliyeingia chumba cha mwisho upande wa bonde akakaa dakika kumi aone. Mwalimu Agatha alimsikiliza padri mpaka mwisho, akamwambia, "Baba, karibu kesho saa mbili, kuna nafasi kwenye dawati la nyuma." Hakuja.

Kilichotumaliza ni maharage. Mwezi wa saba gunia jipya lilikuja limejaa fukusi. Jikoni hawakuyapepeta, au waliyapepeta yakawashinda, na kila bakuli lilikuwa na wadudu weusi wanaoelea juu. "Ona hii maharage," Sekela alisema mezani, akisukuma bakuli lake kwa kidole, "inatembea." Sasa, watoto wa bweni wa zama zile walikuwa na namna moja ya kugoma, na kila shule iliijua: kukaa kimya. Ukipiga kelele jina lako litaandikwa. Ukitupa bakuli utafukuzwa. Lakini mkikaa bwaloni wote, mikono mapajani, hamli, hamsemi, hamjibu salamu, nani ataandikwa? Basi shule nzima tulifanya hivyo mchana na jioni. Bibi Mkuu, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa shule yetu, alipita kati ya meza akiuliza kwa Kiswahili chake, "Nini shida? Nani anaweza kusema kwa mimi?" Hakujibiwa. Kesho yake gunia lilibadilishwa. Tulishinda, tukasahau. Yeye hakusahau.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, alikuja mkaguzi wa shule, Mzungu mwenye kaptura na soksi ndefu, naye alikuja bila taarifa. Bibi Mkuu alimleta moja kwa moja darasa la saba, saa mbili na dakika chache. Tulikuwa tumetua. Nilisikia mlango, nikasikia viatu, nikasikia sauti nene ikisema kwa Kiingereza, "Habari za asubuhi, wasichana." Mlango ukifunguka, mwacheni aliyefungua; hivyo ndivyo tulivyokuwa tumezoea, maana siku zote aliyefungua alikuwa mpishi au mwenzetu aliyechelewa. Hakuna aliyesimama. Haikuwa zaidi ya pumzi nne au tano. Mwalimu Agatha alifungua macho, akaruka kutoka kitini, akasema tusimame, tukasimama, tukasalimu kwa sauti ya kupasua dari. Lakini nilimwona Bibi Mkuu shingo imekuwa nyekundu, na mkaguzi anamwuliza kwa jicho, na yeye anaitikia kwa kichwa. Walishaelewa, kwa ufahamu wao. Wasichana wameketi, mikono mapajani, hawasemi, hawajibu salamu. Wamegoma tena, na leo wanaongozwa na mwalimu wao.

Siku zile madarasa yalipeana zamu ya kusafisha nyumba ya Bibi Mkuu, eti ni somo la maarifa ya nyumbani. Jumanne zamu ilikuwa yangu: kupiga nta nyekundu sakafu ya baraza, kwa magoti, na kitambaa cha blanketi. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Niliona kona ya kapeti, miguu ya meza, na soksi za mkaguzi. Walikuwa wanakunywa chai, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa kupiga nta hawakujali kama nina masikio. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, lakini kilitosha. Mkaguzi alisema watu hawa hawakai kimya bure. Wakikaa kimya ujue kuna mtu nyuma yao, na huko nchini siku hizi watu wa siasa wako kila mahali. Bibi Mkuu akamtajia methali aliyoisoma kwenye kitabu chake cha Kiswahili, na akaitamka kwa uangalifu mkubwa: "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Akamtafsiria. Mkaguzi akasifu. Kisha Bibi Mkuu akasema, kwa haki nimpe hilo, kwamba mwalimu mwenyewe amejieleza: eti wasichana wanajifunza kuangalia mawazo yao. Kijiko kikagonga kikombe. "Dakika kumi?" mkaguzi aliuliza. "Mawazo gani?" Wakacheka wote wawili.

Mawazo gani! Nilikuwa kwenye magoti, nta mpaka kwenye viwiko, na kile kicheko kimekaa nami tangu siku hiyo. Si kicheko kibaya. Ni hilo linalonichoma. Kilikuwa cha watu wema wanaokunywa chai, kama ambavyo ungecheka ukiambiwa kuku wako anaota ndoto. Walitufundisha mito yao na wafalme wao, walitupima uzito na urefu, walihesabu meno yetu, na muda wote huo waliamini kwamba nyuma ya macho yetu hakuna mtu. Nimewasamehe mengi watu wa zama zile, hata fukusi. Hili sijalisamehe na sioni sababu ya kulisamehe.

Jumatano jioni tuliambiwa kesho darasa la saba tutahojiwa. Tulikusanyika kwenye karo la kufulia, ishirini na sita, tukijifanya tunafua. Nikawaeleza niliyoyasikia barazani. Wengine wakaanza kulia.

"Mimi naona tuseme," Sekela alisema. "Mkubwa akiuliza, mtu anajibu. Tunasema Mwalimu hajakosa, basi."

"Ukisema watalipindisha," nikamwambia. "Hujawasikia. Neno lolote utakalowapa watalipindisha. Wakiuliza, tutue. Ukimya wataupindishaje?"

"Lakini Zubeda, kimya si ndiyo hiyo hiyo wanakasirikia?"

"Ndiyo tuwaonyeshe kwamba hatuogopi. Amemfundisha nani, sisi au wao?"

Alinitazama, mikono imejaa povu. Alikuwa sahihi, na nadhani alijua, lakini mimi nilikuwa na maneno mengi kumzidi, na wenzangu walinipenda siku hizo kwa kuwa nimeacha kupigana. Wakakubali mmoja mmoja. Nilirudi bwenini najiona shujaa, kusema kweli, na nililala usingizi mzuri.

Alhamisi walituketisha bwaloni kwenye benchi za kulia chakula. Meza zilikuwa zimefutwa lakini zilinuka ugali wa jana. Mbele walikaa Bibi Mkuu, mkaguzi, na karani wa shule, Bwana Filemoni, Mbena mtu mzima mwenye kanzu ya kazi iliyofifia, aliyeletwa kutafsiri. Mwalimu Agatha hakuwemo, nasi hatukujua aliko. Mkaguzi aliuliza swali moja tu. Bwana Filemoni akasimama: "Bwana Mkaguzi anauliza, Mwalimu wenu aliwaambia mgome? Aliwaambia msimwamkie mgeni?"

Jibu lilikuwa hapana. Neno moja, ambalo mtoto wa miaka miwili analijua. Tukaweka mikono mapajani, tukainamisha macho.

Akauliza mara ya pili. Bwana Filemoni safari hii aliongeza ya kwake, kwa sauti ya chini, "Jamani wanangu, kama ni hapana semeni hapana. Hata mmoja wenu." Nikadhani anatutega. Mkaguzi akaandika kitu. Halafu akasema, naye Bwana Filemoni akatafsiri huku anaangalia dirishani, kwamba kwa hiyo ni kweli mwalimu huyu amewapotosha, amewatumia watoto kwa mambo yake, na kwamba anatuuliza kwa mara ya mwisho. Hapo ndipo hasira yangu ilipokuja. Ilikuja kubwa kuliko zote za mwaka ule, nikahisi miguu inataka kunyanyuka yenyewe. Nikavuta pumzi, nikaihesabu, nikaitazama ile hasira mpaka ikapita. Kando yangu Sekela alikuwa anaanza kujiinua. Niliuweka mkono wangu juu ya wake asije akasimama.

"Basi," Bibi Mkuu alisema. Sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa ya mtu aliyechoka ambaye ameonyeshwa kwamba aliyoyahofia ni kweli. Kengele ya chakula ilipogongwa, Mwalimu Agatha alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake. Alipita uwanjani nalo kichwani, sweta la buluu limetupwa begani, wala hakugeuka. Tulisikia baadaye kwamba ameandikwa asipewe darasa mahali popote. Mwezi wa nane alikuja mwalimu mwingine, mwenye sauti kubwa, na mito ya Uingereza tuliijua yote mpaka vijito.

Desemba shule ilipofungwa nilikaa siku mbili kwa baba mdogo, aliyekuwa na duka la kanga Iringa mjini, nikisubiri basi la Mbeya. Lori lake lilikuwa linakwenda Kalenga kuchukua mahindi, nikaomba kupanda. Nilimkuta Mwalimu Agatha nyuma ya nyumba ya wazazi wake anaanua nguo. Hakuonyesha mshangao. "Kamwene, Zubeda. Umerefuka," alisema, akanikalisha kwenye kigoda. Kisha akamkamata kuku, akamweka kwapani, akatoka naye. Alikwenda nyumba ya tatu kwa mzee mmoja Mwislamu amchinje, maana alijua nisingemla kuku aliyechinjwa na mkono wake. Nilimwonea haya kwa hilo hata kabla hatujasema lolote. Tulimnyonyoa pamoja, mimi nikachochea moto, akaniuliza habari za Sekela na za mtihani, akasonga ugali, akapakua. Ukuta wa jiko ulikuwa umesiribwa upya na ulinuka udongo mbichi.

Mimi nilikuwa nimekuja kusifiwa. Naona aibu kuliandika, lakini ndiyo kweli. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka mwalimu wangu ajue.

"Mwalimu, sisi hatukukusaliti," nikamwambia. "Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu tutue."

Alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini polepole.

"Nilikuwa barazani," alisema. "Waliniweka kwenye benchi, nje ya bwalo pale. Mlango ulikuwa wazi."

"Ulitusikia?"

"Nilisikia wakiuliza mara tatu. Mara ya kwanza nikasema, wanaogopa. Mara ya pili nikasema, sasa atasema Zubeda. Yule mtoto ana hasira, hawezi kuvumilia uongo. Mara ya tatu nilisimama kabisa, nasubiri sauti yako."

Nikamwambia hasira ilikuja. Nikamwambia niliiona, nikavuta pumzi, nikaiacha ipite, vile vile alivyotufundisha.

Niliyaona macho yake yamejaa machozi asiyotaka yaanguke mbele yangu.

"Ile ilikuwa hasira ya haki, mwanangu," alisema. "Ile ungeisimamisha ikasema."

Halafu akanipakulia paja la kuku, akanisukumia sahani, akaniambia nile kabla hakijapoa chakula. Nikala, nikamaliza, kwa sababu shule ile ilikuwa imenifundisha barabara kufanya ninaloambiwa.